Mgombea Aliyengoja Kusukumwa

Ukishuka kwenye gati la Mtangawanda ukamwambia mwenye pikipiki akupeleke Siyu kwa Mgombea, hatakuuliza mgombea yupi. Wagombea wa udiwani, wa ubunge, wa uenyekiti wa kamati ya maji, wote wapo na kila msimu wa kura huchipuka kama uyoga, lakini Mgombea ni mmoja. Atakupitisha njia ya mchanga kati ya minazi, atakushusha karibu na ngome, kisha atakwambia, "Fuata ukuta huu mpaka umsikie mtu anagombana na redio." Hapo umefika.

Jina lake analo, tena zuri. Habari za kuzaliwa kwake na za mababu zake nawaachia wazee wa mji, ambao hata wao hawajakubaliana. Mimi namjua tangu nilipokuwa darasa la nne, naye akitufundisha jiografia kwa fimbo iliyoelekezwa kwenye ramani iliyotoboka. Alituonyesha Kisumu, Eldoret na Voi, miji ambayo baadaye nilikwenda kuuza makubadhi ya Siyu. Mimi ni mtu wa safari. Kila mji niliokaa nilikaa nikiukumbuka mwingine, na katika yote hiyo nilikuwa nikiulizwa, "Unamjua yule mzee wa kwenu?" Nami nikijibu kwa kifua mbele kwamba namjua, amenichapa.

Aligombea urais, na rais hakuwa. Nalisema mapema ili asiyejua asikae akingoja. Lakini kuna jambo alilolipata, nami nilikuwepo akilipata, na kila nikilikumbuka nasimama wima hata nikiwa peke yangu.

Kwanza nianze na milango, maana ukitaka kumjua mtu huyu mtazame akifika mlangoni na mwenzake.

Hakuwahi kutangulia. Siku moja yeye na mwalimu wetu wa madrasa walikuwa waende Lamu kwa boti ya asubuhi. Wakafika pamoja kwenye mlango wa duka walikoacha mizigo yao.

"Tangulia, Maalimu."

"Hasha, tangulia wewe."

"Wewe ndiwe mkubwa."

"Mkubwa kwa nini? Kwa mvi? Tangulia, Bwana."

Mwenye duka, Bwana Shee, alikuwa ndani anashona viatu. Anasema alimaliza kushona mkanda mzima wa kiatu na wale wawili bado wako kizingitini, kila mmoja ameinamisha kichwa na kunyoosha mkono kumwonyesha mwenzake njia. Boti ikaondoka. Wakarudi nyumbani kwa miguu, wote wawili wameridhika, na walipofika kwenye mlango wa msikiti wakaanza upya.

Mtu wa bara akisikia hivi hudhani tunatia chumvi. Lakini ndivyo tulivyolelewa. Kwetu mtu hajitii mbele. Imamu akichelewa, safu nzima husukumana. Huyu amwambia yule atangulie, yule amrudishia huyu, na anayefaa zaidi ndiye anayekataa zaidi. Husema, "Wako walio bora kuliko mimi." Akishasema mara mbili tatu, mikono humfikia mgongoni, akasukumwa mpaka mbele, na hapo huswalisha kwa sauti aliyokuwa amekwisha kuisafisha kooni tangu mwanzo. Hakuna anayedanganywa. Anayekataa anajua kwamba atasukumwa, na wanaosukuma wanajua kwamba anataka.

Mgombea aliishika adabu hii kuliko sisi sote, na aliibeba kila alikokwenda, hata mahali ambapo haikuwa na kazi. Alipokuwa mbunge, siku moja nilikuwa naye Nairobi tumealikwa nyumbani kwa mtu wa bara, mtu mkarimu sana. Tulikuwa hatujala tangu asubuhi. Mwenyeji akaleta chupa ya chai na mandazi yanayotoa moshi, akasema, "Karibuni chai."

"Ahsante, tumeshiba," alisema Mgombea.

"Sawa," akasema mwenyeji, na akairudisha chupa jikoni.

Sijapata kumwona mtu mzima akiitazama chupa ya chai kwa huzuni namna ile. Nje, kwenye ngazi, nilimwambia, "Mwalimu, hapa huulizwa mara moja tu." Alinijibu kwa hasira ya njaa, "Basi hawa watu hula vipi?"

Sasa mweke huyo huyo mbele ya meza ya dhumna.

Kila alasiri kibarazani kwake palichezwa dhumna, domino kama wasemavyo bara, na hapo utadhani ni ndugu yake mwingine, yule asiyefundishwa. Aliyapiga mawe mezani mpaka kuku wakakimbia. Alicheka mtu akikosa la kutia. Alisimama akicheza. "Kula hiyo! Ipeleke kwa mamako akutilie nazi!" Bwana Shee, aliyekuwa mshirika wake wa miaka mingi, alipata kumwuliza, "Mwalimu, ile adabu iko wapi yeo?"

"Nimeiwacha mlangoni pamoja na viatu. Teza!"

Na kutoka ndani mkewe, Bi Zena, akapaza sauti, "Bwana, meza hiyo nimeazima! Ukiivunja utaketi chini wewe na utezi wako!"

Kwa miaka mingi sikujua yupi ndiye yeye hasa, yule wa mlangoni au yule wa mezani. Alikuwa na mambo mengi yasiyopatana. Mtoto wa kisiwani, na akipanda boti hushika ubao kwa mikono miwili na kufumba macho mpaka gati la Mokowe, bara. Alihubiri kuwahi, na hajapata kuwahi kokote. Alitembea na mwavuli uliofunguliwa, jua au mawingu, na mvua ikija huufunga asije akauharibu. Alisema nti kwa nchi na yeo kwa leo, kama sote wa Siyu, na alisema hivyo hivyo bungeni; waandishi wa habari walimcheka wiki ya kwanza, ya pili wakazoea. Redio ilikuwa adui yake mpenzi. Msomaji akisema jambo asilolikubali, huizima, akaijibu ikiwa imezimwa, kisha huiwasha tena aone kama imejuta.

Na hakumfokea mtu mzima. "Mtu mzima hukumbushwa," ndiyo kauli yake. Sisi watoto, ambao hatukuwa watu wazima, tulifokewa vya kutosha.

Jinsi mtu wa namna hii alivyotokea kuwa wa kwanza katika mbio za tiketi ya urais ni jambo ambalo wengine huliona muujiza. Sisi hatukuliona hivyo. Chama chake kilikuwa kimepasuka kambi mbili, zimefika mahali pa kutosalimiana. Ikatafutwa kamati ya kupatanisha, na kila kambi ikamtaka yeye aiongoze, kwa sababu kila kambi iliamini kwamba mtu huyu hatamani chochote. Naye hakuwapa hotuba. Aliwaweka chini kwenye mkeka, wakubwa wale wenye suti, akaagiza pilau kwenye sinia moja, wakala kwa mkono. Aliniambia baadaye, "Mkono wako na wa adui yako ukikutana kwenye nyama moja mara mbili, ya tatu mmoja atasema samahani." Ndivyo ilivyokuwa. Wakasema samahani, wakasema na mengine, na chama kikarudi kimoja.

Basi ulipofika wakati wa kumtafuta atakayebeba bendera ya chama, kambi zote mbili zikamtaja yeye. Magazeti yakamweka mbele. Vituo vya televisheni vikaonyesha ramani, na kwenye ramani ile, mara ya kwanza katika maisha yangu, nikaona mtu ameandika Siyu. Nilikuwa Eldoret siku hiyo, kwenye hoteli ya chai. Niliwashika wateja mikono na kuwaambia, "Pale! Pale ndipo nilipotahiriwa!"

Nilichokuwa nakitaka, na walichokuwa wanakitaka watu wetu wote kutoka Faza hadi Mbwajumali, kilikuwa kitu kimoja. Sisi tumezoea kuwapigia kura ya urais watu ambao hawajakanyaga Mtangawanda. Tulitaka, japo mara moja, kuikunjua karatasi ya kura na kuukuta uso tunaoujua. Akishinda asishinde, hayo ni ya Mungu. Lakini uso uwe pale.

Kisha akaitwa kwenye televisheni.

Mtangazaji alikuwa kijana mwenye koti jembamba. Akamuuliza moja kwa moja: "Mheshimiwa, unataka kuwa rais wa Kenya?"

Mgombea alitabasamu, akainamisha kichwa, akasema kwa upole, "Aa, wako walio bora kuliko mimi."

Nilikuwa hoteli ile ile ya Eldoret, nimeshika kikombe. Nilikiweka chini. Pale hotelini watu wakatazamana, na dereva mmoja wa lori akasema, "Kumbe hataki? Basi kwa nini anatupotezea wakati?"

Nikampigia simu Bwana Shee. Kule Siyu walikuwa wamekusanyika dukani kwake, nami niliwasikia wanavyoshangilia kabla hajasema halo.

"Umemuona?" akaniuliza. "Umemuona alivyojibu? Mashallah! Hakukurupuka! Mbunge mzima kaulizwa mbele ya ulimwengu, na bado ana haya!"

"Bwana Shee, huku wanasema amejitoa."

"Amejitoa vipi? Si ndiyo kwanza amekubali!"

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda. Kwetu kila mtu alikuwa na hakika kwamba anajibu vizuri, na kila alipojibu vizuri alizidi kuanguka. Magazeti yakaandika kwamba ana mashaka. Mpinzani wake mkubwa ndani ya chama, mtu wa bara mwenye sauti ya kujaza uwanja bila kipaza sauti, alianza kusema mikutanoni kwamba nchi haitaki mtu wa kubembelezwa. Mgombea akamwalika mtu huyo huyo kwenye mkutano wake mwenyewe kule Malindi, na kwa kuwa ni mgeni akampa heshima ya kusema wa mwisho. Yule bwana akashika kipaza sauti, akamshukuru Mgombea kwa kumuunga mkono. Umati ukapiga makofi. Mgombea naye, kwa adabu, akapiga makofi.

Aliyekuwa mbele akaanza kurudi nyuma, na hakuna aliyemvuta. Alikuwa anawapisha.

Nilikuwa miongoni mwa wajumbe waliokwenda Nairobi kwenye mkutano mkuu wa kumchagua mteule. Nilichaguliwa kwa sababu nauli yangu ilikuwa ndogo, nilikuwa huko huko bara tayari, na kwa sababu wenzangu walisema mimi ndiye ninayejua maneno ya watu wa bara. Walioomba tiketi walikuwa watatu: yeye, yule bwana wa sauti, na wakili mmoja mwanamke, hodari sana, aliyependwa na wajumbe wa magharibi.

Kura ya kwanza ikapigwa asubuhi. Yule bwana wa sauti akatangulia lakini hakufika nusu. Mgombea akawa wa pili, kwa mbali. Wakili akawa wa tatu, akatoka. Ikatangazwa kwamba baada ya chakula cha mchana wawili waliobaki watasema maneno machache, kisha kura ipigwe tena. Kila mtu akaelewa: wajumbe wa wakili ndio watakaoamua.

Nikaenda kuwatafuta kwenye foleni ya chakula. Waliongozwa na mama mmoja mwenye kilemba cha manjano, Mama Nekesa, aliyebeba sahani yake kama mtu aliyebeba hati ya shamba. Nikamwamkia, nikamwambia natoka Siyu.

"Ah, kwa yule mzee," alisema. "Mzee mzuri. Sisi tulikuwa tunampenda tangu mwanzo."

"Basi mpigieni, mama."

"Tumpigie? Ametuomba?" Akaweka sahani chini. "Amekuja kwetu mara tatu. Amesifu mahindi yetu, amesifu shule zetu, amewabeba watoto wetu. Kura hajaomba. Kijana, kwetu mtu akitaka ng'ombe, anakuja kuomba ng'ombe. Hawezi kupita bomani kwangu akisifu nyasi halafu aondoke. Nitajuaje anataka nini?"

"Anaona haya, mama."

"Haya ni ya bibi harusi. Huyu mwingine hata simpendi, lakini ameniomba."

Niliondoka mbio. Mgombea alikuwa kwenye chumba kidogo nyuma ya jukwaa, ameketi na mwavuli wake kati ya magoti. Bi Zena alikuwa karibu naye, buibui limekunjwa mabegani, anamenya chungwa. Kabla yangu alikuwa ametoka mjumbe wa yule bwana wa sauti, aliyekuja kumshawishi ajitoe kwa heshima, na ahadi ya cheo kikubwa ikafuata.

"Umemjibu nini?" nikamuuliza.

"Nimemwambia nitafikiri."

"Mwalimu, ukisema hivyo hapa maana yake ni ndiyo!"

Nikamweleza ya Mama Nekesa, neno kwa neno, na ng'ombe wake na nyasi zake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Mtu mzima asimame mbele za watu aseme nataka, nataka, kama kunguru jaani? Wanijua. Kazi yangu waiona. Wakinitaka watanisukuma."

Hapo ndipo Bi Zena alipoweka chungwa chini.

"Bwana," alisema, "wewe uliponitaka mimi, uliniambia?"

"Hasha. Nilimtuma mamangu."

"Mamako akaja akasema wataka?"

"Akasema."

"Na lau asingesema, mimi yeo ningekuwa wapi?"

Bi Zena akajijibu mwenyewe.

"Ningekuwa kwa yule mwenye jahazi wa Faza, nimenenepa, sina taabu. Basi nisikilize. Watu hawa hawana mkono wa kukusukuma, hawakufundishwa. Na mamako, Mungu amrehemu, hapa hayupo. Sema mwenyewe."

Mgombea akainuka, akamkabidhi mwavuli wake. Sikuwahi kumwona akiuachia mwavuli ule.

Walipoitwa, yeye na yule bwana wa sauti walifika pamoja chini ya ngazi za jukwaa. Nilikuwa nimesimama karibu na nilimwona, kwa mazoea ya maisha yote, akianza kuinamisha kichwa na kunyoosha mkono. Mkono ule ulifika nusu ya njia, ukasimama hewani, ukarudi. Akapanda yeye kwanza. Mwenyekiti wa mkutano akasema, "Anayetaka kuanza aanze," na nikasikia sauti niliyoijua, lakini si ile ya mlangoni.

"Naanza mimi."

Akakisogeza kipaza sauti.

"Kwetu Siyu," alisema, "imamu akichelewa, watu husukumana. Anayetaka kuswalisha hasemi. Husema wako walio bora, kisha hungoja mkono mgongoni. Mimi nimeulizwa kwenye televisheni kama nataka, nikajibu Kisiyu. Miezi yote hii nimesimama nimewapa mgongo, nangoja mkono, nashangaa mbona hauji." Watu wakacheka kidogo. "Kosa si lenu. Hamkuzaliwa Siyu. Kosa ni langu mimi niliyedhani nti nzima ni msikiti wa mtaani kwangu. Basi sasa nasema, na mamangu anisamehe huko aliko. Nataka."

Akalamba midomo, kama mtu aliyeonja kitu akaona kumbe hakichomi. Akasema tena, kwa nguvu zaidi: "Nataka! Nataka kuibeba bendera ya chama hiki, na sitaki kumpa mwengine. Nimewapatanisha mkiwa hamsalimiani, najua naiweza kazi hii, na aliye bora kuliko mimi namtafuta humu ndani simwoni!" Na akapiga meza ya jukwaani kwa kiganja, pa! kama anayetia jiwe la mwisho. Nikamtambua. Alikuwa ni yule wa dhumna.

Kisha akamtafuta kwa macho Mama Nekesa katikati ya watu, akamwona, akaunganisha viganja.

"Mama, wewe mwenye kilemba cha manjano. Nimepita kwako mara tatu nikisifu nyasi. Yeo nimekuja kuomba ng'ombe."

Sijui kama wengine ukumbini walielewa. Wajumbe wa magharibi walielewa. Mama Nekesa aliinuka pale pale, akatupa mikono juu, na sauti yake ikafika mpaka darini. "Sasa umesema! Mchukue, mzee! Mchukue na ndama wake!" Safu nzima nyuma yake ikainuka. Yule bwana wa sauti alisema maneno yake baadaye, na yalikuwa mazuri, lakini alikuwa anawasemea watu wenye kicheko midomoni.

Matokeo yaliposomwa sikusikia hesabu. Nilisikia jina lake, lile jina zuri ambalo hatulitumii, likisomwa la kwanza. Bi Zena akapiga kigelegele chembamba, kirefu, cha harusini, na kwenye ukumbi ule wa suti kilipita kama kisu kwenye papai. Mimi nililia. Dereva mmoja wa Nakuru niliyekuwa simjui alinikumbatia, akaniambia, "Mzee wenu ni simba." Nikamwambia, "Tangu zamani. Alikuwa anangoja kuulizwa vizuri."

Wiki iliyofuata tukamrudisha nyumbani. Kuanzia kwenye gati la Mtangawanda watu walikuwa wamesimama mpaka kwenye mikoko. Wanawake wamekuja na vugo, zile pembe za nyati wanazozipiga kwenye harusi, na wanazipiga kama anakuja bwana harusi. Boti ikafunga. Mgombea, aliyekuwa amefumba macho tangu Mokowe, akayafumbua, akaona ule umati, akasimama pembeni ya ubao wa kushukia na kuinamisha kichwa.

"Tanguliani," akawaambia abiria.

Akashuka mwalimu wa madrasa baada ya mabishano. Akashuka mama na mkungu wake wa ndizi. Akashuka mtu na mbuzi wawili. Watu wa gatini hawakuweza kuona vizuri, kwa hiyo kila aliyetokeza walimpigia vigelegele, mbuzi wakiwemo. Wa mwisho kabisa akashuka yeye, mwavuli umefunguliwa, na hapo pembe zikalia mpaka Bwana Shee akasema masikio yake hayajapona.

Na siku ya kura, kwenye shule ya msingi ya Siyu, nilikunjua karatasi yangu nikaukuta uso. Niliutazama mpaka karani akanigongea, "Bwana, kuna foleni." Uchaguzi wenyewe alishindwa, na alimpigia simu aliyeshinda kumpongeza. Lakini wazee waliopiga kura siku ile walitoka chumbani wanatembea kama vijana, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita jina lingine. Mgombea. Kwengineko neno hilo ni la mtu asiyepata. Kwetu ni cheo.

Mwaka huu nilirudi tena, baada ya kuzurura sana. Niliwasili alasiri, nikaenda moja kwa moja msikitini. Imamu alikuwa amekwenda Lamu harusini. Mgombea alikuwa kwenye safu ya mbele, amekonda, anatembelea fimbo, na mwavuli ameuacha mlangoni juu ya viatu. Akanishika mkono, asiulize nilikuwa wapi.

Pakakimiwa, ukasomwa wito wa kusimama kuswali, na kusukumana kukaanza. "Tangulia, Mgombea."

"Aa. Wako walio bora kuliko mimi."

Alikuwepo mganga mpya wa zahanati, kijana wa bara, Mwislamu mwenye moyo mwema, ana wiki moja tu kisiwani. Alipomsikia mzee amekataa, akaona asimwache ahangaike, akapiga hatua kwenda mbele. Safu nzima ikamshika kanzu.

"Ngoja, daktari," Bwana Shee akamnong'oneza. "Bado."

"Lakini mzee amesema hataki!"

"Nani amekwambia hataki?"

Mgombea aliyasikia hayo. Mabega yake yalitikisika kwa kicheko alichokibana. Akanigeukia, mimi niliyekuwa ukumbini siku ile, akasema chini chini, "Kule nalisema nataka kwa sababu hawakujua kusukuma. Hapa nipo kwetu. Niache nikatae."

Akarudia kwa sauti, wote wasikie, "Wallahi wako walio bora kuliko mimi."

Nikamwekea mkono mgongoni. Bwana Shee akaweka wake, na mwalimu wa madrasa, na mwisho yule daktari, aliyekuwa ameanza kuelewa. Hatukuhitaji nguvu. Midomo yake ilikuwa bado inakataa, na fimbo yake ilikuwa imekwisha kufika mbele.